Rogath na Vidonge vya Rangi Mbili

Wiki ya Krismasi Kariakoo hakuna pa kuweka mguu. Euphrasia na mumewe Rogath wanauza nguo za watoto kwa jumla, na asubuhi hiyo wateja walijaa hadi mlangoni. Lakini Rogath alikuwa anatetemeka kwa baridi, na joto lote lile la Dar.

Rogath ana ugonjwa wa siku nyingi wa mirija ya nyongo. Mirija hiyo hutoa nyongo kwenye ini na kuipeleka kwenye utumbo. Yake imebana. Homa ikija, humeza vidonge viwili vya rangi mbili. Akipata nafuu, anaacha. Mkaidi yule!

"Mama Steven, nipe viwili tu," alimwambia mkewe.

Jirani yao Hajira, ambaye ni muuguzi, alikuwa dukani akichagua gauni la mwanawe. Alimtazama Rogath machoni.

"Shemeji, macho yako ya njano. Hivyo vidonge weka chini."

"Si antibayotiki? Nasikia zinatibu ugonjwa huu."

"Wataalamu bado wanachunguza. Na dawa anaandika daktari, siyo wewe. Utumbo wetu una bakteria wengi, na wengi wao wanatusaidia. Ukimeza antibayotiki ovyo, unaua hata hao wazuri. Wabaya wanaobaki wanazoea dawa. Mrija ukiziba, wanazaliana kwenye nyongo na kuingia kwenye damu. Homa, kutetemeka, macho ya njano: hiyo ni hospitali leo leo!"

"Nifunge duka Disemba hii? Nitaenda jioni."

Euphrasia aliogopa. Kisha hasira zikampanda. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio hili ni la mume wake. Alichukua funguo.

"Wateja wetu, tusameheni, tunafunga!" Akamgeukia mumewe. "Duka nitapata lingine. Wewe nitakupata wapi?"

Rogath akainuka.

Hospitali walimpima damu, wakamtundikia dripu ya antibayotiki inayomfaa, wakazibua mrija.

"Mngesubiri hadi jioni, pengine tusingemuokoa," daktari alimwambia Euphrasia. Euphrasia alilia palepale, bila kujificha.

Krismasi iliwakuta wodini. Rogath aliruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za siku saba. Siku ya tatu alijisikia mzima kabisa, lakini alimeza hadi kidonge cha mwisho. Sasa kila tarehe ya kliniki anahudhuria.

Mwezi Machi, Shomari, jirani wa duka la pili, alikuja akiwa amejikunyata.

"Kaka, nina homa. Huna vile vya rangi mbili? Nipe viwili, nina mzigo unashushwa."

Rogath alivaa viatu vyake.

"Nenda kapime, Shomari. Mzigo wako nitausimamia mimi."