Vitanzi Viwili vya Jabali la Ngunguti

Maiti ya Allen Haule ilikuwa imelala chali juu ya mawe ya ufukweni, kamba ingali kiunoni, viganja vyote viwili vyekundu.

Inspekta Gaudiosa Kahwa alichuchumaa kando yake. Mtu huyu alimjua. Masika yaliyopita, lori lilipotumbukia korongoni njia ya Kingerikiti, ni Allen aliyeshuka kwa kamba akawatoa majeruhi mmoja mmoja, polisi wakiwa wamesimama juu, midomo wazi. Siku ile alikagua kila fundo mara mbili, hata dereva akamwomba aharakishe. Leo ndiye aliyeanguka.

"Alikuwa na nani?"

"Na huyu, afande," Koplo Iddy alisema.

Jastini, aliyepanda majabali na Allen tangu ujana wao, alikuwa ameketi mchangani.

"Pole, Jastini. Niambie ulichokiona."

"Alizungusha vitanzi kwenye jiwe kule juu, akapitisha kamba, akaanza kushuka. Hajafika mbali, nikasikia kama kitambaa kinachanwa. Nikachungulia. Hayupo."

"Vitanzi vingapi?"

"Viwili. Kimoja kikikatika, kingine kikushike. Hiyo kanuni hakuwahi kuivunja."

"Na vyote viwili vikakatika?"

Jastini aliinua uso. "Ndiyo maana sielewi, Inspekta. Kimoja kinaweza kuvuta gari."

Gaudiosa aliokota kipande kimoja. Kilikuwa mkanda bapa wa nailoni, mwekundu, ulioshonwa ncha kwa ncha kufanya duara. Alipokibinya, nyuzi zilichambuka vidoleni mwake kama makapi. Alikitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaliangalia Jabali la Ngunguti lililosimama refu juu ya ziwa. Kifo cha ajali hakikumwingia akilini.

Hospitalini Mbinga, Daktari Zabron alimwita kabla hata hajamaliza uchunguzi wa maiti.

"Njoo uone," alisema, akapitisha pamba yenye maji kwenye kiganja cha marehemu. Pamba ikawa nyekundu. Kiganja kikabaki safi, hakina hata mchubuko.

"Siyo damu?"

"Siyo damu. Ni rangi ya kuchovya. Imechuja kwa jasho la mikono yake."

Gaudiosa aliichukua ile pamba. Kiwanda hakiwezi kutengeneza kifaa cha kubeba roho ya mtu kisha kikipake rangi inayochuja. Kuna mtu aliyevichovya vitanzi hivyo ili vifanane na vipya. Mtu aliyetulia, akachemsha maji, akakoroga.

Siku iliyofuata alirudi ufukweni Lituhi, kwenye nyumba ya wageni ya marehemu. Wanawake walikuwa wamejaa uani, wengine wakipika, wengine wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Mjane, Tadea, alimpokea sebuleni, macho yamevimba.

"Pole sana, mama. Nikikuuliza sasa hivi utaniona sina utu."

"Uliza tu."

Ukuta mzima wa sebule ulijaa vitanzi vilivyotundikwa kwenye misumari. Allen alikuwa akivikusanya miaka yote, na kila mgeni aliyelala hapo alisimuliwa habari zake, atake asitake.

"Hebu nisimulie kama alivyosimulia yeye," Gaudiosa alisema.

Tadea alisogea ukutani. "Hiki cha kwanza ni cha katani. Wapandaji wa zamani walitumia hivi, vikilowa vinaoza. Baada ya vita vya dunia ikaja nailoni, hiki cha kamba ya duara. Halafu wakabuni mkanda bapa. Mwanzoni waliununua kwa mita, wakaufunga wenyewe kwa fundo. Fundo lilikuwa likiteleza polepole bila mwenyewe kujua, watu wakafa. Ndipo viwanda vikaanza kuvishona kwa mashine." Aligusa viwili vya mwisho. "Hivi viwili ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Aliviopoa mwenyewe jabalini. Wazungu walivifunga huko miaka ya sabini wakaviacha. Jua limevikaanga mpaka vimepauka. Alikuwa akisema hivi haviwezi kumshika hata mbuzi."

Gaudiosa alivitazama. Kweli vilikuwa vimepauka. Alikiangua kimoja msumarini, akakigeuza.

"Hivi vya miaka ya sabini vilikuwa vya fundo au vya kushonwa?"

"Vya fundo. Vyote viwili."

"Fundo liko wapi?"

Tadea alikitwaa, akakizungusha mikononi duara zima. Hapakuwa na fundo. Palikuwa na mshono wa kiwandani, mnene, sawasawa kama meno ya kitana. Gaudiosa alikipeleka puani. Kilinuka dawa ya kutolea madoa.

Alikivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika.

"Hiki ni kipya," alisema taratibu. "Kimepaushwa."

Tadea alimtazama, na Gaudiosa aliona maana ikimfikia. Kelele iliyomtoka iliwanyamazisha waimbaji wote uani.

"Basi vya zamani... Vya zamani ndivyo alivyopanda navyo!"

Alipotulia kidogo, Gaudiosa aliuliza, "Nani huingia chumba hiki bila kubisha hodi?"

"Jastini. Na Baba Bernadi, baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea. Baba yake mzazi, Flaviani, alizama ziwani Allen akiwa mdogo. Mtumbwi ulionekana mtupu. Mwili haukupatikana."

Gaudiosa alimwita Jastini kwenye gari la polisi.

"Mligombana lini?"

"Nani kakwambia tuligombana?"

"Macho yako. Jibu."

"Nilitaka nitangulie mimi kushuka Kibarazani. Alikataa. Yalikuwa maneno tu, Inspekta."

"Kibarazani ni wapi?"

"Ni kama baraza la mwamba katikati ya jabali. Kutoka juu hulioni, kutoka ziwani hulioni. Hakuna mtu aliyewahi kufika. Allen alitangaza mezani Jumapili kwamba wiki hii atalifungua."

"Mlikuwa nani mezani?"

"Mimi, yeye, Tadea na Baba Bernadi. Baba alimkataza, akasema pale pana mizimu. Tulicheka sote. Mzee wa kanisa kuogopa mizimu!"

"Naye alicheka?"

Jastini alifikiri. Uso wake ukabadilika. "Hapana. Aliacha chakula, akaenda zake."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi cherehani."

Gaudiosa hakumkamata mtu siku hiyo. Aliomba askari wa zimamoto na uokoaji kutoka Songea, akamtuma Koplo Iddy sokoni kwa wasuka mikeka, kwani rangi ile ndiyo wanayochovyea ukindu.

Asubuhi askari wawili walishuka kwa kamba nene hadi Kibarazani. Gaudiosa alisimama chini ufukweni, redio sikioni.

"Inspekta, unanipata?"

"Nakupata. Kuna nini?"

Redio ilikwaruza.

"Kuna mifupa. Ya mtu. Mfupa wa paja una bati la chuma lenye skrubu."

Tadea alipoambiwa habari za lile bati, alijishika kifua. Ukoo mzima ulijua kwamba Flaviani aliwahi kuvunjika paja kwa ajali ya gari la kahawa, akatiwa chuma. Kumbe ziwa halikuwahi kummeza. Miaka yote hiyo mwanawe alipanda na kushuka jabali lile lile akipita jirani yake.

Iddy alirudi kutoka sokoni mbio. "Afande, mwenye kuuza rangi anamkumbuka mteja. Fundi Bernadi. Walimshangaa, maana tangu mkewe afariki hakuna asukaye mkeka nyumbani kwake."

Walimkuta kwenye cherehani yake. Hakuuliza anaitiwa nini.

Kituoni, Gaudiosa aliketi mbele yake, Iddy pembeni. Mzee alikuwa safi, shati limepigwa pasi, ila chini ya kucha zake palikuwa na wekundu uliokataa kutoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuonya kwamba si lazima useme lolote. Utakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Unaweza kumwita wakili au ndugu."

"Ndugu?" Bernadi alitabasamu kwa uchungu. "Endelea."

Gaudiosa aliweka mezani vipande viwili vilivyokatika. "Uzi huu ni wa cherehani ya kawaida. Fundo lilifunguliwa, ncha zikashonwa zifanane na za kisasa, kisha vikachovywa rangi. Nani alishona?"

Bernadi alivisogeza kwa kidole, vikalala sambamba.

"Kibarazani tumemkuta Flaviani."

Mzee alifumba macho. Kisha akasema, "Anaonekanaje?"

"Nani alimtupa, baba?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tulizika watoto watatu, mimi na mke wangu. Wote wachanga. Mama yake Allen alipofariki, Flaviani akatuletea mtoto, akaenda Malawi kutafuta maisha. Tukamlea. Akatuita baba na mama. Halafu huyo ndugu yangu akarudi na mke mpya, anamtaka mwanawe. Nikamwomba. Nikampigia magoti kule juu tulipokwenda kurina asali. Akasema, 'Zaa wa kwako.' Nikamsukuma. Nikarudi ufukweni, sikumwona, nikajua amebaki Kibarazani. Nikausukuma na mtumbwi wake majini."

"Na Allen? Allen alikosa nini?"

"Hakukosa kitu."

"Ulimpenda?"

"Kuliko roho yangu."

Gaudiosa alipiga meza bila kukusudia. "Sasa ulimwuaje? Ungekuja hapa ukasema! Ungefungwa ukabaki na mtoto!"

"Jela siiogopi. Hata kitanzi cha serikali sikiogopi." Machozi yalianza kumtiririka, lakini sauti ilikuwa thabiti. "Angefika pale, angeliona lile bati, angejua. Kisha angerudi kunitazama. Nisingeweza kutazamwa na Allen akiwa anajua."

"Ukaona bora afe."

"Nikaona bora afe akinipenda."

Koplo Iddy aliinuka akatoka nje. Gaudiosa aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Alikuwa amewahi kukaa mbele ya wezi na wauaji wa kila aina, lakini hakuwahi kusikia neno la upendo likimtisha namna ile. Mwishowe alimpeleka mzee kwa mlinzi wa amani, hakimu wa kupokea maungamo, naye mzee akayarudia yote, neno kwa neno, bila kupunguza.

Kumwambia Tadea hakumwachia mtu mwingine. Alimkuta amekaa chini kando ya jeneza lililofunguliwa, wanaume wakijiandaa kulibeba kwenda kanisani. Alimweleza kwa sauti ndogo, sikioni. Tadea hakupiga kelele safari hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mumewe, akaigusa kola ya suti nyeusi aliyovalishwa.

"Baba Bernadi aliileta jana," alisema. "Alikesha akiishona. Alilia juu ya kila kifungo, nikambembeleza mimi."

Alisimama. Wanaume walishika mikono ya jeneza.

"Liwekeni chini," Tadea alisema. "Mvueni."