Mkoba wa Mama Vénantie

Mkoba ulikuwa mzito kuliko vitu vilivyokuwa ndani yake. Milcah aliliona hilo mara tu alipoutia begani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyempangia Mama Vénantie asubuhi: chupa ya chai, chapati chache zilizofungwa kwa karatasi ya jikoni, na sweta moja. Sasa kamba zilimkata mabega kana kwamba amebeba gunia la mahindi. Akajiambia ni uchovu tu.

Njia waliyokuwa wakiitembea ilikuwa reli zamani. Treni zilikoma kupita, vyuma vikang'olewa, yakabaki mataruma machache yaliyooza pembeni na changarawe iliyonyooka kupitia mabonde ya mito na miji midogo kaskazini mwa Stockholm. Miji yenyewe ni ile ya duka moja na kanisa moja, ambayo stesheni yake imegeuzwa mkahawa. Waswidi huitembea njia hiyo kipande kwa kipande, kila mwisho wa juma, mpaka waimalize. Mama Vénantie ndiye aliyemshawishi Milcah waanze, wao wawili tu.

Nani angemkatalia Mama Vénantie? Milcah alipotoka Kenya akiwa mchumba wa Ochola, hajui mtu wala neno la Kiswidi, mama huyu wa Kirundi ndiye aliyemfundisha kuvaa, kupika kwa vitu vya duka la huku, na kukaa kimya kwenye treni. Arusini alikaa kwenye kiti cha mama mzazi. Bintiye Daisy alipozaliwa, ni mkono wake Milcah aliouminya mpaka ukavimba. Alimwita Mama kwa sababu alikuwa mama, si kwa adabu tu.

Basi siku hiyo, walipofika kwenye daraja la mto, Mama Vénantie alianza kuchechemea. Hakulalamika, hakuomba chochote. Lakini kwetu anayeomba ni nani? Ukimwona mtu mzima na mzigo, na wewe ni mdogo kwake, mkono unakwenda wenyewe kabla hujafikiri. Milcah alikwisha kuinyoosha mikono.

"Lete, mama, nikupokee."

Mama Vénantie alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalilowa, na Milcah akadhani ni maumivu ya mguu.

"Unanipokea kwa moyo wako, mwanangu? Miye sijakuomba."

"Kwa moyo wangu, mama. Kwani wewe ni wa kuniomba?"

Ndipo Mama Vénantie alipoachia kamba. Kuanzia hapo hakuchechemea tena. Alitangulia, mgongo umenyooka, anakwenda haraka kama msichana, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Milcah alimfuata akihema, akisikiliza changarawe zikilia chini ya viatu: zake, na za mama mbele. Halafu nyingine, nyuma yake. Aligeuka. Njia ilikuwa nyeupe na tupu, jua linawaka, na upepo ukamletea harufu ya lami ya mataruma yaliyochomwa na joto.

Kituoni Mama Vénantie alimkumbatia akimwambia akae na mkoba, amrudishie Jumapili kanisani. Jumapili hakuja. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa.

Harufu ile ya lami ilifika Vårby gård, nyumbani kwa Milcah, kabla juma halijaisha. Ilianzia kwenye korido, penye viatu. Ochola alisema labda jirani anapaka rangi roshani yake, akafungua madirisha, akasahau. Ochola ni fundi wa lifti, mtu wa kuamini waya na bolti. Lakini Milcah alisikia pia hatua. Sakafu yao ilikuwa ya mbao, tena ina zulia, na hatua zile zililia changarawe, kutoka mlangoni hadi chumba cha Daisy na kurudi.

Daisy alikuwa na miaka minane na hakuwa mtoto wa kuumwaumwa. Sasa aliamka amechoka kuliko alivyolala. Asubuhi moja Milcah alimfunua blanketi ili amvalishe soksi, akaziona nyayo zake. Zilikuwa za kijivu kwa vumbi, kisigino kimechubuka, na katikati ya vidole kulikuwa na vijiwe. Alikimbilia mlangoni. Mnyororo ulikuwa mahali pake.

"Ulienda wapi, mama?" alimuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika.

Daisy alimjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba walitembea mbali sana. Na nani? Na yule uliyekuja naye, akasema, akajilaza tena.

Mwalimu alipiga simu kusema mtoto analala darasani. Daktari alipima damu, akasema ni sawa. Mashavu yakaingia ndani, mbavu zikahesabika, na Milcah akaanza kuelewa, bila mtu kumwambia, kwamba mwanawe anamalizwa kwa kutembezwa. Alienda kuutupa mkoba kwenye chumba cha taka cha mtaa, akanawa mikono mpaka viwiko. Jioni ile ile, jua la Juni bado limejaa dirishani na watoto wa watu wanacheza mpira chini, alisikia changarawe zikianza tena, taratibu, na akazifuata, akapita jikoni, akapita bafu, harufu ya lami ikizidi mpaka ikawa ladha mdomoni, akafika kwenye mlango wa Daisy na kumwona mtoto amelala chali, macho yamefumba, uso mtulivu kabisa, ila chini ya blanketi miguu yake midogo inakwenda, kushoto, kulia, kushoto, ikilingana na hatua zilizokuwa zikilia pembeni ya kitanda pasipokuwa na mtu, na mkono wake mmoja umeinuliwa hewani, vidole vimekunjwa, kama mtoto aliyeshikwa mkono barabarani na mtu mzima.

Alimnyakua kitandani na kutoka naye nje bila viatu.

Kule Upplands Väsby kuna mzee mmoja wa Kirundi, Gratien, ambaye watu humwendea kwa mambo wasiyoyasema kanisani. Milcah alimpeleka Daisy huko. Mzee aliomba, akapaka mafuta, akaita majina yote ya Mungu anayoyajua. Katikati ya maombi alinyamaza, akanusa hewa.

"Ulimpokea nani mzigo?" aliuliza.

Milcah alimwambia. Mzee Gratien alifunga Biblia yake na kukaa chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo analolijua.

"Hilo jini nimeshaombea," alisema. "Lilikuwa kwa mjukuu wake, Inès. Mtoto alibaki mifupa. Halitoki kwa maombi yangu. Halimli anayelibeba, linakula mtoto aliye karibu naye. Na haliondoki mpaka mtu akupokee mzigo wowote ule, kwa moyo wake, bila kuombwa. Nilimwambia yule mama hivyo. Nikamsihi asimfanyie mtu. Naye akaniapia hapa hapa, Bible mkononi."

Milcah aliuliza je, akipokewa na mtoto. Mzee alitikisa kichwa. Mtoto hawezi kulibeba, alisema. Likipokewa na mtoto, litaondoka naye.

Kesho yake alikwenda Vällingby, kwa Mama Vénantie. Kwa ukaidi tu, au kwa kutotaka kuamini, alipitia dukani akanunua mchele na mafuta, akapanda ngazi na mfuko mzito mkononi. Miaka yote, Mama Vénantie humpokea mtu mfuko kabla hajamsalimu. Alifungua mlango. Aliuona mfuko. Akarudi hatua moja, akaiweka mikono yake nyuma.

Mpaka dakika ile Milcah alikuwa bado na tumaini.

Ndani, Inès alikuwa amekaa mezani anakula, amenenepa, mashavu yanang'aa. Alimpungia Milcah, anayemwita shangazi, mkono wenye kijiko. Mama Vénantie alifunga mlango wa jikoni taratibu.

"Ni nani alikupa, mama?" Milcah aliuliza.

Ni bibi mmoja wa Kiswidi, alieleza. Alimkuta kwenye njia ile ile, anachechemea na mfuko, naye akampokea kama alivyolelewa. Yule bibi akashukuru, akaondoka mbio. Hamjui hata jina. Baada ya hapo Mama Vénantie alijiunga na vikundi vya matembezi, kimoja baada ya kingine, akajifanya kiwete mbele ya watu wazima wenye afya zao. Walimwonea huruma. Walimpa vidonge, walimngoja, walimshauri apunguze vitu. Hakuna aliyemgusia mkoba, kwa sababu huku kila mtu hubeba wake.

"Inès alikuwa anakufa," alisema. "Miye nilifanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenipokea?"

"Wewe ulidanganywa na mtu usiyemjua, mama. Mimi nimedanganywa na wewe. Kwa nini mimi?"

Mama Vénantie alilia, na machozi yalikuwa ya kweli; hilo ndilo lililomuuma Milcah zaidi.

"Ni weye peke yako ungenipokea," alisema. "Katika Sweden yote hii, mwanangu, sina mwingine."

Milcah aliuweka mfuko sakafuni katikati yao, akangoja. Alingoja kwa muda wa aibu. Mama yule aliutazama mchele, akamtazama binti aliyemwoza kwa mikono yake mwenyewe, na mikono haikutoka mgongoni. Mwisho Milcah aliinama, akauchukua mfuko wake, akashuka ngazi.

Aliwafikiria wengine njiani, tusimfanye malaika. Alimfikiria Nyokabi wa kwaya, anayempokea kila mtu kila kitu, na ambaye pia ana watoto. Alilishika jina hilo kichwani kuanzia Vällingby mpaka T-Centralen, akabadilisha treni, akaliacha.

Alichofanya ni kuondoka peke yake, akimwacha Daisy na baba yake. Alipata kazi ya jikoni na chumba cha kupanga katika mji mmoja mdogo ulio kwenye njia ile ya reli, akamwambia Ochola ukweli wote. Ochola alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama ana mtu mwingine. Alipokana, alimuuliza tena, bila upole.

Lakini Daisy alipona. Kwenye simu Milcah alisikia amekula, amelala, amefunga bao. Mashavu yamerudi, alisema Ochola kwa sauti ya mtu asiyejua amshukuru nani. Milcah alikaa kwenye chumba chake chenye harufu ya lami, hatua zikienda na kurudi pembeni ya kitanda bila kupata mtoto wa kumshika mkono, akalia kwa furaha. Hivyo ndivyo alivyoishi majira yale yote.

Mwezi wa Agosti Ochola aliamua kumaliza ugomvi. Hakumwambia mtu. Alimvalisha Daisy gauni la kanisani, wakapanda treni na basi, wakamngoja kwenye njia karibu na stesheni ya zamani, ambako Milcah hupita akitoka dukani.

Alitokea na mfuko wa viazi na maziwa mkono mmoja, anatembea ameinama. Daisy alimwona kwanza. Alipiga kelele, akakimbia, gauni likipepea, na alipofika hakumkumbatia mama yake kwanza. Alinyoosha mikono yote miwili kwenye mfuko, anacheka, huku Ochola nyuma anatabasamu, maana ndiye aliyemwambia mtoto amsaidie mama, amechoka.

Vidole vya Daisy viligusa mpini. Nyuma ya Milcah changarawe zikalia, hatua za haraka, za mtu aliyeitwa.

Alimsukuma. Alimsukuma kwa nguvu zake zote, na mtoto akaanguka chali, viwiko vikachubuka.

"Usiniguse," alisema. "Ondoka. Sikutaki hapa."

Ochola alikuja mbio, akamwinua mwanawe, akamfuta damu kwa pindo la shati. Alimtazama mkewe mara moja tu, akageuka na mtoto begani.

Daisy hakulia. Alimtazama mama yake juu ya bega la baba, wakienda, wakipungua, na walipokaribia kona aliuliza kwa Kiswahili chake kilichokatikakatika amekosa nini.

Milcah alikuwa ameukumbatia mfuko kifuani kwa mikono yote miwili. Hakumjibu. Angemjibu kwa upole hata neno moja, Daisy angerudi.