Uso wa Mvuvi Kwenye Ukurasa wa Nne

"Hiyo kazi ikatae, Tilda."

Royce alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anakoroga supu ya mchele wa mwituni. Nikacheka. Mwanaume huyu huyu wiki iliyopita alinisukuma nichore hata tangazo la dawa ya minyoo ya mbwa, mradi nisikae bure.

"Niikatae kwa nini, mpenzi? Kitabu kizima cha watoto, kurasa thelathini na mbili. Mhariri amenitafuta mwenyewe."

"Wale wachapishaji wasumbufu. Nimesikia."

"Umesikia wapi? Wewe unatengeneza injini za meli."

"Watu wanaongea."

Jamani, mimi maisha yameshanichapa mpaka tukazoeana. Kuna mteja aliwahi kunilipa kwa jibini. Lakini mwanaume wa kuogopa kitabu cha watoto nilikuwa sijamwona.

Nikafungua mswada kwenye kompyuta. Ulihusu bata bukini aliyekatika vidole kwa baridi, akavalishwa soksi nyekundu ya sufu mguu mmoja, akawa analala kwenye kibanda cha wavuvi juu ya ziwa lililoganda.

Bata yule alikuwa wa bibi yangu, hapa hapa Duluth. Bibi ndiye aliyemfumia ile soksi. Miaka sita nimemchora kwenye daftari langu, nikisubiri nipate ujasiri wa kumfanya kitabu changu cha kwanza, chenye michoro yangu na maneno yangu. Daftari lile lilifunguliwa na mtu mmoja tu zaidi yangu, na mtu huyo tulikuwa tufunge naye ndoa mwezi wa Juni.

"Royce, njoo usome hapa."

Akaja, akasoma, akafuta mikono kwenye suruali.

"Inafanana kidogo."

"Kidogo? Hata soksi ni nyekundu."

"Bata ni bata, Tilda. Watu wengi wana bata."

"Wenye soksi?"

"Minnesota kuna baridi."

Sikubishana. Mtu akianza kujitetea kwa hali ya hewa, mwache amalize. Ila ushahidi wangu ulikuwa nini? Daftari ambalo shahidi wake pekee ndiye mshukiwa. Nikampigia mhariri, Prudence, nikamwuliza mwandishi ni nani.

"Unajua desturi yetu," akasema. "Mwandishi na mchoraji hawazungumzi mpaka kitabu kikamilike. Nikiwaachia, ataanza kukufundisha rangi ya viatu. Wewe nitumie rasimu za michoro, mimi nitampelekea."

"Atazitazama kweli?"

"Huyu? Anatazama hata vifungo."

"Basi vizuri."

Sisi wachoraji tuna tabia mbaya ya kuazima nyuso za watu bila kuomba. Muuza samaki wangu ameshakuwa mfalme mara mbili. Daktari wangu wa meno ni nguruwe kwenye kitabu cha Krismasi. Sasa kwenye mswada kulikuwa na mvuvi anayemwokoa bata, nami nikamvalisha uso wa Royce: kovu kwenye nyusi ya kushoto, kofia yenye kiraka, zile ndevu zinazoota upande mmoja kama zimegombana na upande wa pili. Kama bata alitoka mdomoni mwake, yeyote aliyemsikiliza angeujua uso.

Royce nilimwambia ile kazi ya bata nimeikataa, nachora kitu kingine. Akapumua kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Siku nne akawa ananiletea chai mezani.

"Kazi inaendaje, mpenzi?"

"Inakuja. Geuza uso kidogo kwenye mwanga."

Akageuza.

Rasimu zilienda Jumatatu. Jumatano mchana ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua:

"Mimi ndiye mwandishi wa kitabu cha bata. Najua haturuhusiwi kuongea. Jina lako liko chini ya rasimu, namba nimeitoa kwenye tovuti yako. Tafadhali, mvuvi wa ukurasa wa nne umemtoa wapi?"

Nikapiga.

"Naitwa Corinne," sauti ikasema. "Niko Marquette."

Marquette. Kila baada ya wiki mbili Royce alikuwa na meli ya kutengeneza Marquette.

"Corinne, huyo mvuvi ni mchumba wangu. Anaitwa Royce Pelkey."

"Ana kovu," akasema polepole. "Aliniambia aliumia akimwokoa mbwa."

"Aligonga mlango wa friji. Nilikuwepo."

Akacheka. Kicheko kikakatikia njiani, nikamsikia analia. Mimi machozi yangu yalikuwa bado hayajafika.

"Dada, niko naye mwaka mmoja na miezi miwili. Nilidhani anaishi melini. Habari za bata alinipa yeye, akasema alikuwa wa bibi yake."

"Bibi yake yuko Arizona na anaogopa kuku."

Mlango ukafunguka. Royce akaingia na mkate kwapani, theluji mabegani. Nikaweka simu mezani, nikaongeza sauti.

"Royce, msalimie Corinne."

Aliitazama simu kama mtu anayemtazama mbwa bila kujua kama amefungwa.

"Tilda, naweza kueleza."

"Eleza. Tunakusikia sote wawili."

Akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma:

"Hukuwa unamtumia. Huyo bata. Miaka sita umemfungia kwenye daftari. Corinne alihitaji hadithi."

Kuhusu usaliti wa kitandani nilikuwa nimejiandaa. Kuhusu hili sikuwa nimejiandaa, maana nusu yake ilikuwa kweli.

"Na Tilda alihitaji nini?" Corinne akauliza kutoka kwenye simu.

Royce akautazama mlango.

"Koti unalo tayari," nikamwambia. "Mkate acha."

Akauacha. Hatua zake zikashuka ngazi, gari likawaka, likaondoka.

"Nampigia Prudence sasa hivi," Corinne akasema. "Naiondoa hadithi. Ni yako."

Nikautazama mswada. Kuna mahali bata anasikiliza barafu ikipasuka usiku, "kama bibi anayegeuka kitandani". Sentensi ile niliitafuta miaka sita sikuipata. Mwenzangu aliipata, tena kwa bata wa wizi.

"Usiiondoe," nikasema. "Tumwambie Prudence ukweli wote. Maneno yawe na majina mawili, langu litangulie."

"Litangulie."

"Na mvuvi namfuta. Aliyemwokoa alikuwa bibi."

"Sawa." Akasita. "Tilda, samahani. Jina la bata je? Royce aliniambia aliitwa Pearl."

"Pearl ni mama yake Royce."

"Mungu wangu. Sasa bata aliitwa nani?"

Hapo ndipo machozi yakafika, yote kwa pamoja, mpaka nikashindwa kuongea. Corinne hakuniharakisha. Nilimsikia akivuta karatasi, akisubiri.

"Aune," nikasema. "Andika."

Nikamtajia herufi moja moja.