Nyonga za Doria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwaija alimpelekea Doria kiporo cha ugali nyuma ya nyumba. Doria alikuwa mbwa wa Kijerumani. Mbaruku, baba yake Mwaija, aliwahi kuwa mlinzi wa shamba la mkonge huko Korogwe. Meneja wa Kizungu alipoondoka, alimwachia watoto wawili wa mbwa, jike na dume wa tumbo moja. Mbaruku alijivunia mbwa hao kupita kiasi. Jike alipotaka dume, alimfungia mbali na mbwa wa kijijini, akamzalisha na kaka yake. "Sitaki mbegu yangu ichafuke," alisema. Ndivyo Doria alivyozaliwa.

Mwaka huo, 1975, kijiji chao cha ujamaa huko Misima kilimtegemea Doria kufukuza nguruwe katika shamba la pamoja. Kisha siku moja Doria alishindwa kuinuka. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kabisa, na nguruwe wakamaliza nusu ya mahindi.

"Huyu amepigwa," akasema Mbaruku. "Juzi tu Isihaka alilalamika kwamba mbwa wangu kamla kuku wake."

Maneno yakaenea haraka. Mzee Isihaka, jirani yao, hakusalimiwa tena kisimani. Watoto waliirushia mawe nyumba yake. Mkewe, Swaumu, akafunga mizigo akarudi kwao. Wiki ya tatu ukaitishwa mkutano wa kumfukuza Isihaka kijijini.

Mwaija aliujua ukweli, na ulimnyima raha hata darasani. Lakini alimwogopa baba yake.

Kwenye mkutano huo, bwana mifugo aliyeitwa kutoka Handeni alimpapasa Doria mbele ya watu wote. "Hana alama ya kipigo," alisema. "Nyonga zake ni mbovu. Mama yake alitembeaje?"

"Alikuwa mzima," Mbaruku akajibu upesi.

Mwaija akasimama. "Baba, nisamehe. Mama yake alikimbia kwa kurukaruka kama sungura, miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, mpaka akashindwa kuinuka. Doria naye alianza hivyo tangu mdogo. Ulituambia tusimwambie mtu."

Mbaruku aliinamisha kichwa.

"Ni ugonjwa wa kurithi," akasema bwana mifugo. "Ukizalisha ndugu kwa ndugu, mtoto anaurithi kwa baba na kwa mama. Huyu hatapona."

Doria aliuawa mchana huohuo ili asiteseke. Mwaija alilia sana. Jioni baba yake alimshika mkono wakaenda kwa Isihaka kuomba radhi.

"Nimekusamehe, Mbaruku," akasema mzee. "Ila Swaumu ameleta salamu kwamba harudi tena."

Kisha akamgeukia Mwaija. "Umenitetea, mjukuu wangu. Ahsante. Lakini siku nyingine ukijua jambo, liseme mapema. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu asiyesalimiwa."