Keria Tupu

Tairi la nyuma lilikuwa limebonyea, na hilo halikuingia akilini. Asubuhi ile Profesa alilijaza upepo mwenyewe, akalibonyeza kwa kidole gumba, akarudia tena, maana alikuwa mtu wa kuhakikisha hata alichokwisha kukihakikisha. Sasa, kwenye kijia cha kando ya mto, tairi lilikuwa limetanuka mchangani kama la mtu aliyepakia gunia la mahindi.

Alishuka, akalipima. Upepo tele. Kwenye keria hapakuwa na kitu. Akapanda tena, na mnyororo ukalia.

Jina la Profesa alipewa na shangazi yake kwa utani, kwa sababu ya chuo kikuu. Shangazi mwenyewe alikuwa fundi baiskeli wa kijiji, na kijiji kizima kilimwita Mama Spoki. Profesa alikuja kumsaidia binamu yake, binti wa Mama Spoki, aliyekuwa amejifungua majuzi. Leo, mtoto aliposinzia, aliomba baiskeli akatembee mtoni. Alipewa baiskeli yenye jiwe limefungwa kwenye keria kwa mpira.

"Hilo usilifungue," Mama Spoki alisema.

"La nini, shangazi?"

"Njia ya mtoni keria haiendi tupu. Ukiacha kiti wazi, yupo wa kukikalia."

"Nani?"

"Profesa mzima hujui? Basi usimjue. Nenda, na urudi kabla jua halijapoa."

Wakati wa kwenda, kwenye kivuko hapakuwa na daraja, ila mawe ya kukanyagia tu, na baiskeli ilibidi ibebwe begani. Jiwe liliipindua kila alipoinyanyua. Akalifungua, akaliweka ukingoni, akajiambia atalifunga akirudi. Ng'ambo hakukuta jema. Milango ilikuwa imefungwa mchana kweupe. Mbwa alimfuata bila kubweka. Mzee mmoja dirishani hakuitikia salamu. Aliitazama keria, si uso wake, kisha akafunga dirisha. Profesa akageuza. Alivuka mto mbio, akadandia baiskeli na kuondoka, na jiwe likabaki pale pale ukingoni, limesahaulika.

Sasa, mbele ya nyumba ya kwanza ya kijiji, alikaa mama msuka mikeka, ukili mapajani. Alipomwona akaangua kicheko.

"We dada! Mwonee huruma bibi wa watu! Mkalishe vizuri, miguu yake inaburuta!"

"Bibi gani, mama?"

Mwanamke akatazama tena. Kicheko kikamfia mdomoni. Alikusanya ukili wake wote kwa mkupuo, akaingia ndani, na komeo likalia.

Profesa akageuza shingo. Keria ilikuwa tupu. Lakini mchangani, kila upande wa alama ya tairi, ilikuwepo mifereji miwili myembamba, mibichi, iliyomfuata kutoka kivukoni bila kukatika.

Ndipo harufu ikamfikia, ya tope la chini kabisa, tope lisilowahi kuona jua, na pamoja na harufu pumzi, baridi, yenye maji ndani yake, ikipanda na kushuka kisogoni pake kwa mwendo ule ule wa pumzi zake mwenyewe, hata alipojaribu kuzibana pumzi hizo nayo ikabana, na alipozishindwa nayo ikaachia, na akakanyaga pedali kwa nguvu zote akilia bila sauti, akiwaza kitu kimoja tu, nyumbani, afike nyumbani.

Uani, Mama Spoki alikuwa amekaa na gurudumu mapajani akikaza spoki. Aliinua macho. Spana ikamdondoka.

"Usishuke!"

"Shangazi..."

"Usikanyage uwanja huu! Ukishuka mlangoni kwa mtu, naye anashuka, na hapo ndipo kwake. Ndani kuna kichanga. Geuza!"

Profesa aligeuza, goti likikwangua ukuta, na Mama Spoki akakimbia ubavuni pake. Walipoziacha nyumba nyuma Profesa akamwambia jiwe lilipobaki, naye akaanza kusema, chini chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Jini huyo hana miguu ya kumfikisha popote. Husubiri apakiwe. Na akiingia kwenye nyumba yenye mtoto, hamtaki mwingine ila huyo mtoto."

"Dada," sauti ya binamu yake ilinong'ona nyuma ya sikio la Profesa, tamu, ya usingizi. "Mtoto analia. Rudi."

"Ananiita, shangazi."

"Mwache aite. Sikiliza mimi. Nitalirudisha jiwe kwenye keria, akose kiti. Lakini mfungaji lazima ainame pale pale alipokaa yeye, na anaweza kumhamia. Unanijua ninavyotembea?"

"Kama askari wa gwaride."

"Eeh. Na miaka yote hii, umewahi kuniona nimepakiwa?"

"Hata siku ya harusi yako ulikataa. Baba alisema ulimpakia bwana harusi."

Mama Spoki alicheka kidogo, akihema. "Basi tukirudi, itazame miguu yangu. Nikiburuta, usinifungulie. Hata nikilia. Hata nikikuita mwanangu."

Jiwe lilikuwa ukingoni lilipoachwa. Mama Spoki akaliinua, akainama juu ya keria, akavuta mpira, na mabega yake yakakaa yameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji. Kisha tairi likainuka. Baiskeli ikawa nyepesi kama kikapu.

"Kwisha kazi," akasema. "Tangulia."

Profesa alitembea akiisukuma baiskeli. Nyuma yake nyayo zilimfuata, paa, paa, paa. Walipopita kwa msuka mikeka zikapungua kasi. Kisha, palipo na mchanga laini, akasikia sshh, na kimya, na sshh.

Hakugeuka. Aliruka juu ya baiskeli na kukanyaga, jiwe likigonga chuma, mpaka uani, akaitupa baiskeli, akaingia, akafunga komeo.

"Mama yuko wapi?" binamu yake aliuliza, mtoto kifuani.

"Usifungue. Chochote utakachosikia, usifungue."

Ilipita kitambo. Kisha mlango ukagongwa, kwa adabu.

"Mwanangu, fungua. Nimekimbia mpaka mtoni na kurudi na umri huu, magoti yamekufa. Nitaacha kuburuta vipi?"

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na haki pia, na Profesa, ambaye hakuwahi kukubali jambo bila kulihakikisha, alielewa kwamba hili hataweza kulihakikisha mpaka afungue. Binamu yake alimsukuma, akalia, akamwita mchawi. Yeye akaegemeza mgongo wake mlangoni.

Nje kukatulia. Profesa akaweka jicho kwenye ufa wa ubao.

Shangazi yake alikuwa ameisimamisha baiskeli katikati ya uwanja, juu ya stendi yake. Alikuwa anafungua mpira wa keria, polepole, kwa vile vidole vyake vya ufundi. Aliliinua jiwe, akaliviringisha mbali kama kitu kisicho na kazi. Kisha Mama Spoki, aliyekuwa hapakiwi na mtu, akakaa kwenye keria, akaning'iniza miguu mpaka vidole vikagusa vumbi, akautazama mlango.