Ngata ya Mwanaasha

Jumanne ni siku ya malori ya ndizi. Tangu biashara iachiwe huru, wafanyabiashara wa Dar es Salaam hupanda na magari yao hadi Matombo. Saa mbili asubuhi wanapakia, kisha wanaondoka. Lori halimngoji mtu.

Jumanne moja ya mwaka 1995, nyumba ya Salum, baba Luqmani, huko mlimani iliamka mapema. Mikungu ilikuwa uani. Wabebaji walikuwa watatu: Salum, mkewe Mwanaasha, na Shadya, dada yake Mwanaasha.

Mwanaasha huyo alikuwa na wiki sita tu tangu apasuliwe moyo India. Kifua chake kilifunguliwa katikati, mlango wa moyo uliobana ukatengenezwa. Madaktari walimkataza kunyanyua vitu vizito kwa miezi mitatu. Salum aliambiwa hayo. Ila aliyaelewa kwa namna yake.

"Walisema usinyanyue," alisema. "Basi hunyanyui. Tunakutwika sisi."

"Kichwa hakikupasuliwa," Shadya aliongeza, akacheka.

"Lakini kifua bado kinauma, dada."

"Utadeka mpaka lini? Kidonda si kimefunga?"

Kidonda kilikuwa kimefunga kweli. Kijiji kizima kilikiona. Majirani walijaa barazani kumpa pole, wakamwomba afungue kanga walione kovu. Walilitazama, wakasema mashallah, wakala ndizi, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyemwachia ndoo ya maji.

Mwanaasha akaweka kichwani ngata yake ya majani makavu ya mgomba. Wakamtwika mkungu.

Njia ilikuwa na utelezi. Katikati ya mteremko mguu wake uliteleza. Mikono yote miwili iliruka juu kuudaka mkungu. Ndani ya kifua akasikia "ka!", kama kijiti kinachovunjika. Akaketi kwenye matope. Mkungu ukabingirika bondeni.

"Ndizi!" Shadya alipiga kelele.

Ndizi! Hakuuliza, "Umeumia?" Aliona ndizi.

Nyuma yao alikuwa akiteremka Veronika, nesi wa zahanati ya misheni. Alimwinamia Mwanaasha, akaambiwa habari ya ule mlio, akasikiliza pumzi zake. Kisha akainuka.

"Huyu si ndiye aliyetoka India?"

"Ndiye, nesi," alijibu Salum. "Lakini hakunyanyua kitu. Tulimtwika wenyewe."

"Baba Luqmani, shingo yako ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa."

"Basi mkungu ulifuata nini kwenye kichwa cha mgonjwa?"

Salum akautua mkungu wake kutoka begani.

"Nisikilizeni vizuri," alisema Veronika. "Ngozi hupona upesi. Mfupa hauna haraka. Mfupa wa kifua chake ulikatwa kwa msumeno, ukafungwa kwa nyaya."

"Kwa msumeno?" Shadya aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Kwa msumeno. Mzigo wa kichwani unashukia mabegani na kifuani. Akiteleza, mikono inauvuta mfupa huku na huku. Ukiachana, anaweza kupasuliwa tena. Mbuzi wenu akivunjika mguu mnamfunga vijiti na kumkatia majani. Huyu ni mtu, mnamtwika mkungu!"

Akaiokota ile ngata, akaikung'uta matope, akamvisha Salum kichwani.

"Hii ni yako sasa. Na mke wako anakwenda hospitali Morogoro leo hii. Mlio ule lazima upimwe."

Walimshusha polepole hadi barabarani. Lori lilikuwa limeshawashwa. Veronika akasimama mbele yake.

"Nesi, toka njiani!" dereva alifoka. "Nachelewa!"

"Utachelewa. Mgonjwa anakaa mbele, pembeni yako. Na mashimo uyapite taratibu."

Siku hiyo lori lilingoja.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua. Nyaya zilikuwa zimeshika. "Safari hii umepona," daktari alimwambia. "Usirudie." Akamwagiza atembee kila siku mahali tambarare, aongeze kidogo kidogo. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Dawa asikose hata siku moja, hata akijisikia mzima. Akisikia mlio tena, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, asingoje kesho.

Aliporudi nyumbani, wageni walikuja tena kutazama kovu. Safari hii Shadya aliwapokea mlangoni.

"Karibuni. Ndoo ile pale, kisima mnakijua. Mkirudi mtamwona."

Wengine walinuna. Wengine walichukua ndoo. Baada ya wiki mbili mtungi wa Mwanaasha haukuwa ukikauka tena.

Salum aliteremka na mikungu, ngata kichwani. Mikidadi, muuza chai wa pale barabarani, alimwona akapiga makofi.

"Salum! Siku hizi mke ni wewe?"

"Mimi ndiye mwenye kifua kizima," Salum alijibu. "Nisaidie kutua."

Mwezi wa nne tangu apasuliwe, Mwanaasha alipigwa picha nyingine. Mfupa ulikuwa umeunga. Daktari akamruhusu kuanza na vitu vyepesi.

"Nirudishie ngata yangu," alimwambia mumewe.

Salum aliigeuza mkononi. "Hii imeshika umbo la kichwa changu. Nitakusokotea nyingine, ndogo. Ya kubebea bakuli."

"Sokota. Lakini mkungu ni wako."

"Ni wangu."

Jumanne iliyofuata Mwanaasha alitangulia mteremkoni, bakuli la iliki kichwani. Salum alimfuata na mkungu, akimwambia kila hatua, "Pole pole, mama Luqmani. Lori litangoja."