Nilimkana kwa Sababu ya Kitochi

"Shoga, simu yako inatetemeka hapo," nesi aliniambia, mdomo umejaa keki.

Niliitupia jicho. Kwenye kioo paliandikwa FUNDI VIGAE. Nikaipindua kifudifudi juu ya kaunta.

"Ni fundi tu. Atapiga baadaye."

Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana na kliniki ya meno ilikuwa imetulia. Mgonjwa mmoja tu alikuwa benchini, ameshika shavu. Mimi ndiye wa mapokezi. Siku hiyo tulikuwa tunamkatia nesi keki ya kuzaliwa, na mhasibu alikuwa anatuonyesha picha za mchumba wake. Mchumba ameegemea gari. Mchumba kwenye ngazi za hoteli. Mchumba na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Na wewe, wako yuko wapi?" mhasibu akanigeukia. "Mwaka mzima tunamsikia tu. Hana picha, hana stetasi, hata kwa video hampigiani."

"Ni injinia. Yuko kwenye mradi mbali, mtandao unasumbua."

Uongo huo ulinitoka laini kabisa, maana nilishauzoea.

Ukweli ni kwamba mpenzi wangu ndiye aliyekuwa anapiga. Si injinia. Ni fundi wa vigae, na anatumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, mfuniko wa nyuma umefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Tulijuana alipokuja kutandika vigae vya baraza kwenye nyumba ninayopanga. Ni mpole, ana maneno machache, na akicheka anacheka na macho. Nilimpenda. Simu yake ndiyo nilishindwa kuipenda.

Miezi sita mizima nilimsumbua nayo.

"Hivi hicho kitochi utakiacha lini?"

"Kinapiga, kinapokea. Unataka kikupikie na chai?"

"Nataka nikuone! Wenzangu wanaongea na watu wao kwa video, mimi naandikiwa 'nmefka salama'."

"Si kweli nilifika salama?"

"Usinichekeshe. Nunua simu janja kama watu."

"Nitafikiria."

"Kila siku unafikiria. Ni simu, siyo kuoa."

"Kuoa nilishaamua. Simu ndiyo ngumu."

Halafu angeingiza mikono mfukoni na kubadilisha mazungumzo. Nikasema moyoni, huyu ni mbishi tu, hapendi maendeleo.

Sasa mchana huo, hata keki haijaisha, mlango wa kliniki ukafunguliwa. Akaingia yeye.

Suruali imegeuka nyeupe kwa saruji. Jasho linamtiririka. Anahema kama mtu aliyekimbia, na kweli alikuwa amekimbia. Macho yake yalinitafuta, yakanipata, tabasamu likaanza.

"Karibu kaka," nesi alimwambia. "Una miadi na daktari?"

"Hapana dada. Nimemfuata..." Akaninyooshea mkono.

Wote wakanigeukia. Mhasibu alimpima kuanzia viatu kwenda juu, na taratibu. Wakati huohuo kitochi kikalia kwenye mfuko wa shati lake, ule mlio wake mkali kama kengele ya baiskeli. Mgonjwa benchini akaguna kwa kucheka, pamoja na maumivu yake yote.

"Nani huyu?" mhasibu alininong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuwa moja tu.

"Fundi," nikasema. "Fundi wa pale nyumbani. Wa vigae."

Akanitazama. Natamani angekasirika. Angegeuka akaondoka, angepiga mlango, ningepata pa kushikia. Yeye aliinamisha macho, na tabasamu likazima polepole.

"Ndiyo, madam," alisema. "Mama mwenye nyumba amenituma. Umesahau hii barazani."

Akaweka kifuko juu ya kaunta. Ndani ilikuwa dawa yangu ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Bila hiyo mimi huwa sitoki nyumbani, ila asubuhi hiyo niliisahau.

Mama mwenye nyumba alikuwa safarini tangu wiki iliyopita. Hakumtuma mtu; mpenzi wangu alipita kwangu mwenyewe akaikuta, akapiga simu nisiyoipokea, akakimbia nayo. Na alitunga uongo palepale ili uongo wangu usimame.

"Asante, fundi," nikamwambia.

Asante, fundi! Kama mtu niliyemwita kuziba bomba.

Alitoka. Mlango aliufunga kwa utulivu, kama anavyofunga mtu mwenye mgonjwa ndani.

"Mafundi waaminifu bado wapo," mhasibu alisema akijikatia kipande kingine. Nesi aliweka keki yake mezani na hakuigusa tena.

Jioni nikampigia. Alipokea mlio wa kwanza.

"Habari za jioni, madam."

"Usiniite hivyo, tafadhali."

"Nikuite nani? Fundi hamwiti mtu mpenzi."

"Nilibabaika. Niliulizwa ghafla..."

"Hukubabaika. Ulijibu upesi sana."

Akakata. Baadaye kidogo ukaja ujumbe. Yeye huandika kwa shida, herufi mojamoja, lakini safari hii alikuwa amejitahidi: "Sijakasirika. Nimeona aibu tu. Niache kidogo."

Kidogo hicho kikawa siku tisa. Nilipiga, haikupokelewa. Nilituma ujumbe, haukujibiwa. Mara mbili nilipita karibu na nyumba anayofanyia kazi nikarudi kabla ya kufika getini. Ningemwambia nini? Kila nikikumbuka lile neno "madam", uso unanichoma hata nikiwa peke yangu chumbani.

Siku ya kumi nikapata wazo, na sasa nikilikumbuka naliona la kijinga. Nikasema nitamnunulia simu janja mimi mwenyewe, nimpelekee pamoja na ombi la msamaha. Nikaenda duka la simu la mtaani kwetu. Muuzaji ni mama mmoja wa makamo, mchangamfu, anayejua habari za kila mtu.

"Nataka simu ya mwanaume. Kioo kikubwa, isiyo na mambo mengi."

"Ya nani? Maana kuna ya mzee, kuna ya kijana wa kujipiga picha."

"Ya fundi vigae. Anatumia kitochi kilichofungwa mpira."

Yule mama aliirudisha simu aliyokuwa ameishika. Akatazama chini, kwenye sakafu ya duka lake. Vigae vya kijivu, vimekaa sawasawa, mstari mmoja kama uzi.

"Aliyenitandikia hivi?"

"Ndiye."

"Basi wewe ndiye yule dada wa ofisini." Alivuta pumzi. "Mwanangu, usimnunulie. Alishakuja hapa mara tatu kununua mwenyewe."

"Mara tatu? Mbona hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Mikono yake haikubaliki na kioo. Saruji imekula ncha za vidole, zimekuwa ngumu kama kwato. Anabonyeza, simu imelala. Anabonyeza tena, wapi! Mara ya kwanza nilidhani simu ni mbovu. Mara ya pili nilimjaribishia nyingine nne. Mara ya tatu duka lilikuwa limejaa. Mteja mmoja akamwambia, 'Mzee, paka mate!' Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, ili yaishe. Lakini jasho lilimtoka, mwanangu, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kabati la kioo.

"Akaniambia, 'Mama, yupo mtu anataka kuniona kwa video. Nitamwambiaje kwamba vidole vyangu vimekataliwa?' Nikamwambia sema ukweli. Akasema, 'Yeye anakaa na watu wasafi.'"

Watu wasafi. Nilitoka dukani mikono mitupu, nikaenda moja kwa moja hadi kule kazini kwake. Safari hii getini niliingia.

Nilimkuta amepiga magoti bafuni, pima maji ya kusawazishia ubavuni, nyundo ya mpira mkononi. Aligonga kigae kimoja, akakisikiliza, akagonga tena. Aliponiona hakusimama.

"Usikanyage hapo. Bado mbichi."

Nikasimama mlangoni.

"Nimetoka dukani kwa yule mama," nikasema. "Ameniambia."

Nyundo ikatua polepole.

"Yule mama hana breki."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinigeukia. Kisha akaifuta mikono kwenye suruali na kuinyoosha mbele yangu. Sikuwa nimewahi kuitazama vile. Ncha za vidole zilikuwa ngumu na zinang'aa, hazina mistari, na pembeni zimepasuka.

"Hata nilipokwenda kuchukua kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilinikataa. Karani akaniuliza, 'Wewe ni mtu kweli?' Ilikuwa mzaha. Nikacheka." Akaikunja mikono. "Nilidhani unaona aibu kwa sababu ya simu. Nikasema simu ni kitu kidogo, nitaipigania. Kumbe ni mimi mzima."

"Hapana..."

"Siku ile hukuulizwa habari za simu. Uliulizwa mimi ni nani."

Nilianza kulia. Nikamwambia nisamehe, nimekosa, sina cha kujitetea. Nikayasema yote. Aliyasikiliza huku akitazama vigae vyake.

"Nimesikia," alisema mwishoni. "Lakini hapa tuko wawili. Kule mlikuwa wengi."

Hakuongeza neno. Akachukua kigae kingine.

Kesho yake asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia, niliwaita nesi na mhasibu pale mapokezi.

"Yule aliyeleta dawa yangu siku ya keki," nikasema, "si fundi wa nyumbani. Yaani ni fundi, ndiyo. Lakini ndiye mchumba wangu. Injinia hayupo. Hajawahi kuwepo."

Mhasibu alivuta kiti akakaa.

Nesi aliendelea kupanga glavu kwenye boksi.

"Mimi nilijua," alisema bila kuniangalia. "Mtu anayetumwa tu hakimbii vile kwa ajili ya dawa. Aliingia anahema kuliko mgonjwa. Na alivyokutazama kwanza, kabla hujasema." Akaliweka boksi pembeni. "Nilisubiri umfuate nje. Mlango ulipofungwa nikasema, sasa atanyanyuka. Hukunyanyuka. Nikaona aibu mimi, na wala hakuwa wangu."

Kama angenitukana ningestahimili. Nilienda chooni nikanawa uso mara tatu.

Nilipotoka nikampigia.

"Nimewaambia," nikasema alipopokea.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe ni mchumba wangu. Kama bado unataka."

Nikasikia nyundo ya mpira ikigonga mara mbili.

"Jumamosi asubuhi," akasema, "nitakwenda kwa yule mama wa simu. Njoo ukitaka. Lakini uamuzi ni wangu."

"Sitasema hata neno."

"Wewe? Nitaliona hilo!" Kwa mbali nikasikia kama anacheka.

Jumamosi nilifika mapema. Yule mama alikuwa amemwekea simu moja aliyoibandua karatasi ya kulinda kioo na kuiongezea wepesi wa kioo, ule unaofanya simu ikubali hata mtu aliyevaa glavu. Fundi wangu akaishika kama kigae kibichi. Akabonyeza. Haikuitikia. Akabonyeza tena kwa ubavu wa kidole, na picha ikafunguka.

"Haya!" yule mama akapiga makofi. "Tukufungie?"

Niliuma ulimi. Nilitaka kusema ndiyo, ndiyo, funga. Aliigeuza simu mbele na nyuma, akaandika jina lake, herufi mbili zikakubali na tatu zikakataa. Akaandika tena.

"Hapana, mama," akasema na kuirudisha. "Leo bado. Nikichukua leo nitakuwa nimenunua ili nisichekwe. Nikihitaji kwa kazi nitakuja, na nitakuja nikiwa na raha zangu."

Akanitazama. Nilitikisa kichwa tu, kukubali. Nilikuwa nimeahidi.

Nje ya duka nilikusanya ujasiri.

"Naomba nikupige picha. Kwa simu yangu."

"Nilivyo hivi? Na nguo za kazi?"

"Hivyohivyo."

Akasimama mbele ya ukuta, suruali nyeupe kwa saruji, mikono akaitia mfukoni. Kisha, bila kuambiwa, akaitoa na kuiacha ining'inie. Nikapiga.

"Utaiweka wapi?"

"Kwenye stetasi. Wote waione. Wa kliniki, ndugu zangu, niliosoma nao."

"Chini utaandika nini?"

"Mchumba wangu."

"Andika na kazi yangu."

Nikaandika: "Mchumba wangu, fundi vigae." Kilichobaki ni kubonyeza tu. Ningependa kuwaambia nilibonyeza palepale, lakini nitakuwa nimerudia uongo. Kidole kilisita. Nikamwona shangazi yangu akiisoma, na wenzangu wa shule, na mhasibu akiikuza picha aone viatu. Ni nusu sekunde tu, na yeye alikuwa amesimama begani kwangu, ameona nilivyosita.

Uso ukaniwaka. Hata baada ya yote yale!

"Chukua muda wako," akasema kwa upole. "Sina haraka."

Nikabonyeza.